"Offbeat" si tusi

Ukitaka kusema kwa Kiingereza kwamba mtu ana vituko vyake, usikimbilie "weird", hilo linauma. Jaribu "offbeat". Limetoka kwenye muziki, pigo linaloangukia nje ya mdundo mkuu, ndiyo maana lina ladha ya utani na mvuto. "She has an offbeat sense of humour": vichekesho vyake si vya kawaida, lakini mtacheka. Usisahau "an", maana neno linaanza na irabu. Linakaa vizuri na filamu, mavazi, hata mkahawa. Kwa mbinu za kazi, mathalani kocha anayempanga beki acheze mbele, mimi huchagua "unorthodox", yaani isiyofuata njia iliyozoeleka: "His methods are unorthodox, but they work." Ukimwita daktari wa upasuaji "offbeat", wagonjwa watatoka mbio.