Namna ya Kumwandaa Daktari Mgeni Kabla ya Kumpeleka Hospitali ya Misheni Kijijini

Daktari wa Ulaya au Marekani anayekwenda kufanya kazi katika hospitali ya misheni kijijini mara nyingi hushukia Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, na hapo husubiriwa na mtu mmoja aliyeshika karatasi yenye jina lake: karani wa dayosisi, katibu wa hospitali aliyesafiri usiku kucha, au mtawa kutoka nyumba ya wageni. Mwongozo huu ni wa mpokeaji huyo. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa hapa Dar es Salaam baada ya kustaafu uuguzi, na wageni wengi niliosikia wamekwama huko mbele walikwama kwa mambo ambayo tungeyamaliza hapa mjini kabla hawajapanda basi.

Anza na karatasi, na uanze yeye akiwa bado kwao. Daktari asiye raia haruhusiwi kutibu hata mgonjwa mmoja kabla ya kusajiliwa kwa muda na Baraza la Madaktari Tanganyika, hata kama hatalipwa senti. Mwombe atume nakala zilizothibitishwa za vyeti vyake, pamoja na barua ya baraza la kwao inayoeleza kwamba hana shauri la kinidhamu. Na cheti kilichoandikwa kwa lugha isiyo Kiswahili wala Kiingereza kitafsiriwe kwanza. Kando ya usajili kuna suala la ukaazi. Mwenye ajira huhitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wageni, pamoja na kibali cha ukaazi cha Daraja B, ilhali wamisionari na wanaojitolea kwa kawaida huangukia Daraja C. Uliza Uhamiaji kabla ya kujaza fomu, kwa sababu maombi yakishaingia katika daraja lisilo lake, kuyarekebisha ni safari nyingine. Anayekuambia kwamba viza ya utalii inatosha kwa kuanzia, usimsikilize.

Mwonye pia kuhusu sanduku la dawa. Karibu kila mgeni hutamani kuja na dawa za msaada, na nia yake ni njema, lakini dawa haiingii nchini bila idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada iwe imebakiza angalau mwaka mmoja wa matumizi inapofika. Fedha ya kununulia dawa kupitia utaratibu wa hospitali yenyewe ina faida kubwa kuliko begi la vidonge visivyo na maelezo ya kusomeka.

Vibali vikiwa njiani, mfundishe lugha. Chuo cha Makoko kule Musoma na kile cha Walutheri Morogoro vimewafundisha wamisionari wengi, na mwenye miezi mitatu apelekwe huko. Mwenye wiki tatu tu usimpotezee muda kwa majina ya wanyama. Mfundishe saa kwanza. Daktari mmoja niliyempokea alimwambia mama arudi na mtoto "saa mbili", akimaanisha saa nane mchana. Mama alifika asubuhi, akakaa kwenye benchi kwa muda wa saa sita akimnyonyesha mtoto mwenye homa, na wala hakulalamika, kwa kuwa alidhani ndivyo daktari alivyotaka. Tangu siku hiyo mimi humlazimisha kila mgeni kubandika karatasi ya saa zetu juu ya kitanda chake.

Kisha mfundishe namna wagonjwa wanavyoeleza maumivu, kwa maana kamusi haitamsaidia hapo. Mgonjwa anayesema "chembe ya moyo inauma" anaonyesha sehemu iliyo chini ya kidari, na mara nyingi tatizo ni la tumbo. Mgeni aliyelishika neno "moyo" peke yake ataagiza kipimo cha moyo. "Nina homa" huweza kuwa joto la mwili, malaria, au kujisikia vibaya tu. "Mguu" unaanzia nyongani hadi vidoleni, na "mkono" unaanzia begani, kwa hiyo azoee kusema, "Nionyeshe kwa kidole." Mwanamke akilalamikia "kiuno", aulizwe kwa upole na faraghani kuhusu hedhi na uzazi. Akisikia "degedege", ajue kwamba mtoto amepata mitukutiko, na kwamba huenda ameshapitishwa kwa mganga wa kienyeji. Mtoto mwenye kikohozi cha muda mrefu na viganja vyeupe atazamwe koo, maana huenda amekatwa kimeo na kupoteza damu. Mama aulizwe juu ya hilo bila kufokewa. Mama akigombezwa mara moja, mara ya pili atafika amechelewa zaidi au hatafika kabisa. Na kabla ya yote hayo, mzee huamkiwa "shikamoo". Daktari anayeanza na "Unaumwa nini?" atajibiwa, lakini atajibiwa kwa ufupi.

Jambo ambalo wapokeaji wengi huona haya kulisema ni lile la nafasi yake wodini. Mweleze waziwazi kwamba atawakuta tabibu na daktari msaidizi, vyeo ambavyo huenda havipo kwao, na kwamba yule daktari msaidizi anayemwona amevaa kandambili huenda amefanya upasuaji wa uzazi kwa miaka mingi, tena umeme ukiwa umekatika. Hospitali ina Mganga Mfawidhi, na mgeni yuko chini yake hata kama ni bingwa. Ikiwa ni hospitali teule, yaani ya kanisa lakini inayotumika kama hospitali ya wilaya kwa makubaliano na Serikali, baadhi ya watumishi wanalipwa na Serikali na taarifa zinakwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, vijazwe kila siku. Nimewaona wageni wakividharau kama kazi ya makarani, kumbe ndivyo vinavyoonyesha wagonjwa wangapi wametibiwa na kwa nini.

Mweleze na habari za pesa. Kila kipimo anachoandika kina mtu wa kukilipia, na asipokuwa na bima ni mbuzi wa nyumbani atakayeuzwa. Sera ya nchi inawasamehe ada wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano, lakini namna hospitali ya kanisa inavyoitekeleza hutegemea makubaliano yake na halmashauri, kwa hiyo aulize kwa katibu siku ya kwanza. Mpatie pia Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, na mgeni aandike dawa kwa kuufuata. Dawa aliyoizoea kwao haitakuwapo dirishani.

Manunuzi yasimchukulie muda. Kariakoo atapata kurunzi ya kuvaa kichwani, mabuti ya mvua na chandarua. Kipima oksijeni cha kidole na stetoskopu yake mwenyewe aje navyo.

Siku moja kabla ya safari, mpigie simu matroni, uulize ni nani atakayempokea kituoni, na uandike jina na namba yake kwa mkono kwenye karatasi, kwa sababu simu ya mgeni itazima chaji njiani. Omba pia, kwa heshima lakini kwa msimamo, asipangwe zamu ya usiku peke yake katika wiki mbili za kwanza. Azunguke wodini na wenyeji, asikilize, na aulize. Asubuhi mfikishe Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, mapema kabla foleni haijaanza, umkalishe dirishani, na umkabidhi kwa kondakta kwa jina la kituo anachoshuka, kwa maana katika vituo vingi vya njiani hakuna kibao.