Airisi ina majani tu? Ichimbue, uigawe, uipande juu juu

Wifi yangu ana airisi zimejazana kando ya ukuta, majani yamesimama kama mapanga, ua hata moja hakuna, mwaka wa tatu huu. "Wifi, ulinipa maua au vitunguu?" Nilicheka, maana kosa hilo nililifanya mimi kabla yake. Tuliyoyafanya ndiyo haya. Nazungumzia airisi zile zenye ndevu kwenye petali.

Hatua ya 1: Wakati. Kila baada ya miaka 3 hadi 5, wiki kama 6 baada ya maua kuisha. Usisubiri udongo uwe tope.

Hatua ya 2: Chimbua. Tumia jembe uma. Sepeto hukata mizizi, sitaki hata kuiona karibu.

Hatua ya 3: Gawa. Utakuta mizizi minene kama tangawizi. Kila kipande kibaki na shada moja la majani na mizizi myembamba ya kutosha. Sehemu kuukuu ya katikati isiyo na majani, tupa. Palipolainika na kunuka pameoza. Kata mpaka ufikie nyama ngumu, kisha ufute kisu kwa spiriti kabla ya kugusa kipande kingine. Majani yapunguze yabaki sentimita 15 hivi, kwa sababu mizizi iliyokatwa haiwezi kuyanywesha yote.

Hatua ya 4: Kina. Hapa ndipo nilipopoteza misimu miwili. Nilifukia sentimita 10 nikijua nailinda mimea, ikanipa majani tu, na mingine ikaoza. Nikaongeza mbolea, nikaongeza maji, mambo yakazidi kuharibika. Kumbe ule mzizi mnene unataka jua mgongoni.

Chimba shimo la kina kifupi, katikati acha kituta kidogo. Kalisha kipande juu ya kituta, mizizi myembamba ishuke huku na huku, kisha rudisha udongo na uushindilie kwa vidole. Mgongo uonekane, kama bata majini. Kama udongo wako ni wa kichanga na jua ni kali, funika kidogo, isizidi sentimita 2. Ukishamwagilia udongo hushuka na mmea hushuka nao, kwa hiyo rudi baada ya wiki moja uangalie. Mimi nililazimika kuinua vitatu. Matandazo yasifike mgongoni. Na usiipeleke kanuni hii kwa kila ua: airisi za Siberia hufukiwa sentimita 3 hadi 5, na mipeoni (maua yaitwayo peony kwa Kiingereza) machipukizi yake hukaa chini ya udongo, ila yakipita sentimita 5 nayo hugoma kuchanua.

Acha sentimita 30 hadi 45 kati ya mmea na mmea, mahali panapopata jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku. Shada la majani lielekee upande unaotaka mmea utambae.

Hatua ya 5: Maji. Mwagilia vizuri siku ya kwanza, halafu subiri udongo wa juu ukauke.

Msimu wa kwanza huenda usione ua. Nilimwambia wifi hivyo, na nilipogeuka nikamkuta anakuja na ndoo ya samadi mbichi. Naitrojeni nyingi ni majani mengi, tena ni uozo. Ndoo ikaenda kwenye rundo la mboji.