SOMO: Kusaka ajira Dar bila kulala njaa (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu salaam. Kila wiki inboksi yangu ina maswali yale yale: "kaka unaishije na hujaajiriwa?", "nianze na mtaji wa shilingi ngapi?", "nimeitwa usaili sina nauli, nifanyeje?" Nimechoka kuandika jibu moja kwa kila mtu. Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena namtumia uzi huu.

Nina digrii ya uhasibu, nakaa Tabata, bado natuma maombi, na kodi ya chumba nalipa mwenyewe. Sifundishi utajiri. Wanaofundisha kupata milioni kwa simu yako wako tele, na wote wanaanza kwa kukuomba hela.

Hatua ya 1. Namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vyote viskaniwe PDF. Hii haina maelezo.

Hatua ya 2. Fungua akaunti ya Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira wa kuombea kazi serikalini, jisajili na TaESA, huduma ya ajira ya serikali, pia kwa ajili ya zile nafasi za mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu. Ukifunguliwa akaunti steshenari, barua pepe iwe yako na nywila uijue wewe. Dada wa steshenari akihama, na akaunti yako imehama.

Hatua ya 3. Chagua mishe itakayokuachia siku ya usaili.

Mtu anasema "napiga mishe huku natafuta kazi", ukimchunguza anasimama dukani kwa watu Kariakoo kuanzia asubuhi mpaka giza linaingia, siku sita kwa wiki. Akiitwa usaili Jumatano, bosi anamwambia ukienda usirudi. Huyo hana mishe, ana ajira isiyo na mkataba, na imeshamzibia njia ya ile anayoitafuta. Kipimo changu ni kimoja: nikipigiwa simu leo usiku, kesho alfajiri naweza kuondoka bila kumwomba mtu ruhusa na bila kitu kuharibika? Kwa hiyo samaki wa Feri na nyanya, hapana, vinaoza. Bodaboda ya mkataba hapana, maana hesabu ya mwenye chombo inadaiwa uwe umeenda usaili au hukwenda. Uwakala wa pesa kwenye kibanda cha mtu, hapana pia, huwezi kuacha floti ya mwenzio ukapanda basi. Mtumba, twisheni, kuchapa kazi za watu, kusuka, kushona: hizo sawa. Shati halichachi.

Hatua ya 4. Mzigo. Mimi nauza mashati ya kiume ya mtumba, kwa hiyo nasema ninachokijua. Soko la Karume, alfajiri, mabalo ya nguo yanapofunguliwa. Usinunue balo zima, huna mtaji huo wala jicho hilo. Pointi, yaani chagua moja moja. Chukua shati, geuza kola kwanza: ikiwa na mstari wa jasho la njano, weka chini, hautoki. Kisha kwapani, vuta kitambaa mbele ya tochi ya simu. Pakiwa pamechakaa mwanga unapita kama kwenye chujio. Kisha hesabu vifungo mpaka vya mikononi. Muuzaji atakuharakisha makusudi, "chukua twende, chukua twende!" Mwache apige kelele, ndiyo kazi yake. Nikirudi nafua, napiga pasi, napiga picha dirishani asubuhi, naweka statasi. Shati la elfu tatu lililonyooka linauzika mara mbili yake na zaidi kwa watu wa maofisini ambao hawawezi kuamka saa kumi na moja.

Na mzigo usilale sokoni. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, Karume Januari 2022, na watu walilala na mali wakaamka na madeni. Mashati yangu yanalala chini ya kitanda.

Hatua ya 5. Mafungu matatu. Mtaji, tumbo, usaili. Fungu la usaili liko kwenye laini nyingine kabisa, ambayo sitembei nayo. Kila shati likitoka, buku inaingia huko kabla sijanunua hata maji. Soma tangazo lolote la kuitwa kwenye usaili serikalini, utakuta mstari unaosema kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Usaili mwingine uko Dodoma. Treni ya SGR ilipoanza safari za Dodoma 2024, daraja la kawaida lilikuwa 31,000, hiyo ni kwenda tu. Ukipita mchujo unabaki kusubiri mahojiano, na unalala mahali. Wapo watu ninaowafahamu walioitwa, jina limetoka wazi kabisa, wasiende kwa kukosa nauli. Halafu wanasema serikali haiajiri.

Hatua ya 6. MAJINA. Hapa someni polepole.

Kwenye cheti cha kidato cha nne mimi ni Omary. Kwenye kitambulisho cha NIDA ni Omari. Nikasema nani atakaa aangalie y na i. Nikaenda usaili kwenye taasisi moja, nimevaa vizuri, nimesoma mpaka macho yamevimba. Mhakiki wa vyeti mlangoni akaweka kidole kimoja kwenye Omary, kingine kwenye Omari, akaniuliza, "Hati iko wapi?" Hati gani tena? Nikatolewa kwenye foleni, wenzangu wakaingia. Na tangazo lilikuwa limesema, kwa herufi zinazosomeka: mwenye majina yanayotofautiana aje na hati ya kisheria.

Kwa hiyo:

Panga vyeti vyote mezani, cha kuzaliwa, cha msingi kama unacho, kidato cha nne, cha sita, chuo, NIDA. Soma jina herufi kwa herufi, mpaka la babu. Mwanaidi na Mwanahidi ni watu wawili mbele ya mhakiki.

Zikipishana, nenda kwa wakili akuandalie hati ya kubadili majina, ile wanayoiita deed poll, kisha ISAJILIWE kwa Msajili wa Hati. Karatasi yenye mhuri wa wakili peke yake usiitegemee.

Anza sasa. Jina likishatoka kwenye orodha hutakuwa na muda wala hela, na wakili atakuona ulivyo na haraka.

Slipu ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita na yale matokeo ya muda ya chuo havikubaliwi kwenye usaili. Nenda na vyeti halisi. Kama cheti chako kimezuiliwa chuoni kwa ada, fungu la usaili likalipe hilo kwanza.

Hatua ya 7. Tuma maombi. Barua isainiwe, watu wengi wanasahau. Usisubiri saa za mwisho, mfumo unazidiwa. Simu iwe hewani hata baada ya kukosa, maana waliofaulu usaili bila kupangiwa wanabaki kwenye kanzidata na wanaweza kuitwa baadaye.

Maswali karibuni.

---

Mtoto wa Kigogo: Mkuu somo zuri. Mimi nina digrii ya sosholojia, unanishauri nianze na mishe gani?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Mtoto wa Kigogo: Nimesoma, ila nataka kwa mtu wa sosholojia.

Mwandishi: Shati haliulizi umesoma nini.

Dogo wa Chanika: Kaka shikamoo. Mimi sina hata hela ya kununua mashati matano, na kutoka Chanika mpaka Karume alfajiri nauli inakula kila kitu. Nimemaliza ualimu wa hisabati. Kuna namna ya kuanza na sifuri?

Mwandishi: Marahaba dogo. Wewe una bahati kuliko mimi, mtaji wako uko kichwani. Darasa la nne na la saba wana mitihani ya taifa, na hakuna mzazi asiyejua hilo. Nenda kwa mjumbe wako ujitambulishe, omba kivuli au kibaraza cha jirani, anza na watoto wachache wa mtaani. Tafadhali toza kwa wiki, siyo kwa mwezi. Mzazi wa kibarua ana hela Jumamosi, tarehe thelathini hana. Wiki ya kwanza fundisha bure, mtoto akirudi nyumbani anajua kugawanya desimali mama yake atakuletea wa jirani. Ukiitwa usaili unawaachia maswali ya kufanya, unaondoka. Ukitaka kuongeza bidhaa baadaye, tafuta mtu wa Kariakoo akupe mali kauli, daftari na kalamu hivi, uuze kwa wanafunzi wako hao hao, umrudishie chake. Ila mali kauli ukichelewesha mara moja tu, jina limekwisha.

Dogo wa Chanika: Asante sana kaka. Hilo la kwa wiki sikuwa nimelifikiria.

Jicho Kali: Acheni kudanganyana. Kazi ni koneksheni tu. Bila mjomba huko ndani utauza mitumba mpaka uzeeke.

Mwandishi: Sikusema koneksheni hazipo. Nimesema ukiitwa uwe na nauli na majina yanayofanana. Ukimpata huyo mjomba nenda kwake, sisi wengine hatuna, tunapanga vyeti. Na mitumba ndiyo inayonilipia kodi, wewe inakulipia nani?

Jicho Kali: Usipaniki mkuu, ni mtazamo tu.

Mama Wawili: Kaka, kuna programu ya simu inatoa mkopo dakika tano, nilitaka nichukue laki moja ya kuanzia. Unaonaje?

Mwandishi: Dada yangu, hapana. Hizo ni kausha damu za kidijitali. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na hata yenye leseni si mkopo wa kuanzia biashara, marejesho yanaanza kabla hujauza. Ukichelewa wanawapigia watu wote kwenye simu yako mpaka baba mkwe. Kama mko akina mama kadhaa mnaoaminiana, nendeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata muulize mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri: nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu, haina riba. Inataka kikundi kilichosajiliwa na ina mzunguko wa makaratasi, ila haipigi simu kwa mkwe. Wakati mnasubiri, anza na mashati mawili. Kweli, mawili.

Mzee wa Kiwalani: Kijana wangu, hongera kwa maandishi. Mimi nina miaka 48, kiwanda kimenipunguza baada ya miaka tisa. Haya ya Ajira Portal yananihusu?

Mwandishi: Shikamoo mzee wangu, na pole. Kwa upande wa Sekretarieti nitasema ukweli, matangazo yao mengi yanaweka ukomo wa miaka 45. Lakini una haki ambazo sisi vijana hatuna. Kama ulikuwa unachangia NSSF, kuna fao la kukosa ajira: aliyechangia si chini ya miezi 18 na hakuacha kazi kwa hiari yake anaweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Nenda na barua ya kupunguzwa. Na kama unaona ulipunguzwa isivyo halali, malalamiko yanapelekwa CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, usiache zikapita ukisubiri waliokuahidi kukuita. Ulikuwa unafanya kazi gani kiwandani, mzee?

Mzee wa Kiwalani: Marahaba. Fundi umeme wa mitambo. Barua ninayo, ina wiki mbili.

Mwandishi: Basi siku 30 bado hazijaisha, nenda kesho. Na fundi umeme wa mitambo hapa Dar hakosi wateja, kuna mashine za kusaga kila mtaa. Cheti chako kikiwa cha zamani au huna, waulize VETA Chang'ombe, chuo cha ufundi, habari ya kurasimisha ujuzi, wanawapima mafundi walioujulia kazini.

Kijana wa Mbagala: Oya nimepata kazi ya hoteli ila wanataka elfu hamsini ya sare na vipimo vya afya nitume leo. Nitume?

Mwandishi: Hapana.

Kijana wa Mbagala: Ila wamenitumia barua ina mhuri kabisa.

Mwandishi: Mhuri unachongwa mjini, ukitoka daladala unaupata. Umewapa namba ya NIDA?

Kijana wa Mbagala: Nimewapa.

Mwandishi: Piga *106# sasa hivi uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua nenda dukani kwa mtandao huo ikafungwe. Ujumbe wao utume 15040, namba ya kuripoti matapeli, pamoja na namba yao.

Fundi Kimya: Niongeze kwenye hatua ya 4. Harufu ya balo haitoki kwa sabuni ya unga peke yake. Loweka usiku na siki kidogo kwenye maji, asubuhi suuza, anika kivulini. Jua kali linafubaza rangi nyeusi.

Mwandishi: Hii naichukua. Mimi nilikuwa natumia ndimu, inakula hela msimu ukiisha.

Binti wa Segerea: Swali la pembeni. Ukienda usaili mjini asubuhi kwa mwendokasi, unafika umekunjamana na jasho. Mnafanyaje?

Mwandishi: Swali zuri kuliko mengi ya leo. Usivae shati la usaili kutoka nyumbani. Vaa fulana, shati likunje juu ya faili gumu la vyeti, liweke kwenye mfuko. Fika mapema, badilisha kwenye choo cha kulipia.

Binti wa Segerea: Na kwa sisi wa blauzi?

Fundi Kimya: Chukua ya kitambaa cha polista, piga pasi usiku, izungushe kama mkeka. Haikunjamani.

Dogo wa Chanika: Kaka nikishapata hela ya twisheni naweza kukufuata Karume siku moja nijifunze kupointi?

Mwandishi: Njoo Jumamosi yoyote, nitakwambia kituo cha kukutana. Njoo na hela ndogondogo, noti ya elfu kumi wanakuona mgeni. Na simu iweke mfuko wa mbele.