Kupunguza uzito wa vyeti na ripoti kabla ya kuvituma kwa barua pepe

Kila kunapotoka matangazo ya kazi, saiba zetu za Kondele hapa Kisumu hujaa watu wenye shida moja. Vyeti vipo, barua ya maombi imeandikwa, lakini faili ina MB 38 na barua pepe inaikataa. Mwisho wa kutuma ni saa kumi na moja jioni. Wengi huomba programu ya kubana faili. Zipo, na nitazifikia, ila uzito huwa umeingia mapema zaidi, pale kwenye kuskani. Anzia hapo.

1. Jua kikomo chako

Gmail inakubali viambatisho vya MB 25 kwa jumla, lakini usijaze hadi pomoni. Barua pepe hugeuza kiambatisho kuwa maandishi kabla ya kukisafirisha, kila baiti tatu zikawa herufi nne, kwa hiyo faili ya MB 20 husafiri ikiwa karibu MB 27. Ndiyo maana inaweza kutoka kwako salama na kurudishwa na seva ya ofisi unayoiandikia. Mimi hulenga chini ya MB 5. Tangazo likisema MB 2, basi ni MB 2, hakuna kubembelezana.

2. Usiskani kitu ambacho tayari ni PDF

Hapa ndipo watu hupoteza MB nyingi bure. Cheti cha KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya) cha kuthibitisha umelipa kodi hukujia kwa barua pepe kikiwa PDF. Mtu anakichapisha, anakiweka pamoja na vyeti vya shule, kisha anaskani rundo lote. Ukurasa uliokuwa maandishi matupu, mwepisi wa KB chache tu, sasa umekuwa picha nzito, na herufi zake zimefifia juu ya hayo. Chochote ulichopakua mtandaoni kiache kama kilivyo. Skani vile tu vilivyo kwenye karatasi: cheti cha KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari), diploma, kitambulisho.

3. Skani kwa kipimo cha kutosha, si cha juu kabisa

Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) una pikseli 2480 kwa 3508, yaani kama milioni 8.7. Kwa dpi 150 zinabaki milioni 2.2, robo yake, na maandishi ya kawaida bado yanasomeka vizuri kwenye skrini. Cheti chenye namba ndogo au mhuri uliofifia kipe dpi 200.

Kuhusu rangi, barua na fomu ziweke kwenye kijivu. Usikimbilie nyeusi na nyeupe kamili hata kama faili yake ni ndogo ajabu. Vyeti vingi vina michoro midogo ya usalama nyuma ya maandishi, na mashine ikilazimishwa kuchagua kati ya nyeusi na nyeupe tu, michoro ile hugeuka madoadoa yanayoparamia jina lako. Cheti cha namna hiyo kiskani kwa rangi.

Kama unatumia simu, usipige picha ya kawaida. Tumia sehemu ya kuskani iliyo ndani ya Google Drive. Picha ya kamera hubeba kivuli cha mkono wako na maua yote ya kitambaa cha meza, na kila ua lina uzito wake kwenye faili. Karatasi iliyokatwa pembeni vizuri, yenye mwanga sawa, hubanika kwa urahisi zaidi.

4. Ripoti ya Word yenye picha

Bofya picha yoyote, fungua "Picture Format", kisha "Compress Pictures". Ondoa alama kwenye "Apply only to this picture", acha ile ya "Delete cropped areas of pictures" ikiwa imewekwa, chagua 150 ppi. Hiyo alama ya pili ina maana kubwa: ukikata picha ndani ya Word, kile kipande ulichokificha bado kimo, na unayemtumia anaweza kukirudisha na kukitazama.

Hujui picha ipi ndiyo nzito? Nakili faili, badilisha .docx iwe .zip, ifungue, ingia "word" halafu "media". Utaziona zote na ukubwa wake. Kwa kuwa .docx yenyewe tayari ni zip, kuizipu tena hakukusaidii chochote. PDF iliyojaa picha nayo ni vivyo hivyo.

5. PDF ambayo bado ni nzito

Mimi hutumia Ghostscript. Ni programu ya bure na haihitaji bando ukishaiweka kwenye kompyuta. Kwenye dirisha la amri (Command Prompt kwa Windows) andika:

`gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=ndogo.pdf kubwa.pdf`

Kwenye Windows andika gswin64c badala ya gs. "/ebook" hushusha picha hadi dpi 150. "/screen" hushusha hadi 72, nami siipendi kwa vyeti. Ukitaja faili kadhaa mwishoni badala ya moja, zitaunganishwa kwa mpangilio huo. PDF yenye sahihi ya kidijitali usiipitishe hapa, sahihi itavunjika.

Tovuti za kubana PDF bure zinafanya kazi, sikatai. Lakini kumpakia mtu usiyemjua kitambulisho na PIN ya KRA kwa ajili ya MB tatu, mimi sifanyi, na vya mteja ndiyo kabisa.

6. Ifungue kabla ya kutuma

Kuza hadi asilimia 200, soma namba ya cheti na mhuri. Visiposomeka, rudi hatua ya tatu. Kubana tena hakurudishi kilichopotea. Faili ya awali usiifute.

Na ikiwa imegoma kabisa, labda ni ripoti ya kurasa mia yenye ramani, iweke Google Drive utume kiungo. Hakikisha umeruhusu yeyote mwenye kiungo aisome, kisha kijaribu kwenye kivinjari ambacho hujaingia kwa akaunti yako. Ikikuomba ruhusa wewe, itamwomba na afisa wa ajira.