Chakula cha jioni cha sikukuu bila kukimbizana jikoni

Kinachochosha mpishi siku ya sikukuu ni sufuria nne kudai moto saa ile ile. Kwa hiyo kiwe chakula kimoja tu cha kuangaliwa dakika za mwisho. Vingine viandaliwe jana au vijiivie vyenyewe. Kwa watu 8: kuku wawili wa kuoka, wali, saladi ya kabichi, na matunda ya kumalizia.

Nunua kuku wawili wa kilo moja na nusu badala ya mmoja mkubwa, maana mkubwa kidari hukauka kabla mapaja hayajaiva. Kama wamegandishwa, wahamishie rafu ya chini ya friji siku mbili kabla. Kuku mwenye barafu tumboni huungua nje huku ndani mbichi, na hapo hakuna kiungo kitakachokuokoa.

Usiku wa kuamkia sikukuu, usiwaoshe (maji hurusha vijidudu kwenye sinki na vyombo). Wapanguse kwa karatasi ya jikoni, kila mmoja umsugue vijiko viwili vya chai vya chumvi, ndani na nje, kisha warudishe rafu ya chini bila kuwafunika. Asubuhi ngozi itakuwa kavu kama karatasi. Hiyo ndiyo inayotoa ngozi ya kukauka vizuri. Katakata pia kabichi na karoti, ila zisiguswe na chumvi wala limau mpaka wageni wakae mezani. Chumvi huvuta maji, saladi ikageuka supu.

Tuseme mnakula saa 1 usiku. Saa 11 kasorobo jioni toa kuku kwenye friji na uwashe oveni nyuzi 200. Tandaza vitunguu vya kukata minene kwenye trei, laza kuku juu wakiachana vidole vitatu. Wakibanana hutokoswa na mvuke, ngozi ikabaki laini. Waingize saa 11 na robo. Usifungue mlango kila mara, joto hukimbia.

Saa 12 na dakika 20 bandika mchele: vikombe 4, maji vikombe 6 hadi 7. Ukichemka, punguza moto, funika dakika 15, zima, uache dakika 10 bila kuchungulia.

Kuku wapimwe paja kwa kipimajoto cha nyama, penye nyama nene, mbali na mfupa: nyuzi 74 wameiva. Kwa kawaida ni saa moja na robo hivi. Watoe, waache dakika 20 kabla ya kukata, la sivyo maji yote yatabaki ubaoni. Muda huo mimina kikombe cha maji kwenye trei, kwangua, chemsha dakika 5: mchuzi tayari.

Mgeni akiuliza alete nini, mwambie barafu na vinywaji. Usimwambie “chochote tu”, atakuja na kitu kinachotaka oveni.

Mabaki yaingie friji ndani ya saa mbili.