Majina ya kompyuta za ofisi: panga kabla hazijawa nyingi

Kompyuta mpya ya Windows hujipa jina yenyewe, kitu kama DESKTOP-7K2QF9B. Zikiwa tatu, unavumilia. Zikifika thelathini, mhasibu anapiga simu kwamba yake imeganda, nawe unakodolea orodha ya mtandao usijue ni ipi.

Jina libebe yale tu yasiyobadilika mpaka kompyuta itupwe. Jina la mtumiaji lisiingie kabisa: Neema akihamishwa, NEEMA-PC inabaki mezani kwa Juma na kumchanganya kila anayeitafuta. Idara nazo huunganishwa na kuhama ghorofa. Mfumo unaodumu ni huu: DAR-M-047. DAR ni tawi, M ni ya mezani (P iwe mpakato), na 047 ni namba ile ile iliyo kwenye stika ya mali iliyobandikwa kwenye kasha. Mpakato zinazozunguka matawini zipewe kifupi cha taasisi badala ya mji. Nani anaitumia, chumba gani, ilinunuliwa lini, hayo yaandikwe kwenye daftari la mali.

Usizidishe herufi 15, vistari vikiwemo, kwa sababu jina la NetBIOS (mfumo wa zamani wa majina ya kompyuta ambao Windows bado inaufuata) hukatwa hapo. Chukua DAR-UHASIBU-LAPTOP-01 na mwenzake wa 02: zote mbili zinabaki DAR-UHASIBU-LAP, na mtandao unalalamika kuwa jina limeshatumika. Tumia A hadi Z, tarakimu na kistari peke yake. Nafasi haikubaliki, kistari cha chini huleta matatizo kwenye DNS (huduma inayogeuza majina kuwa anwani za mtandao), na jina la tarakimu tupu Windows hulikataa. Herufi kubwa na ndogo ni mamoja. Sifuri za mbele usiziondoe, la sivyo 10 itapangwa kabla ya 2.

Kabla ya kubadilisha, angalia kama kuna printa au folda inayoshirikiwa kutoka kwenye mashine hiyo. Njia ya \\DESKTOP-7K2QF9B\ itakufa, na waliokuwa wakichapa kupitia hapo watakuja kwako. Kisha fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, kama msimamizi:

Rename-Computer -NewName DAR-M-047 -Restart

Kwenye domeini (kompyuta zinazosimamiwa pamoja na seva ya ofisi) ongeza -DomainCredential na akaunti yenye ruhusa. Ikishawaka, andika hostname kuhakikisha.

Namba ya kompyuta iliyokufa isirithiwe. Ukiingiza mashine mpya kwenye domeini kwa jina la zamani, inaweza kuchukua akaunti ya ile ya kwanza. Na kama ya kwanza haikufa bali ilikuwa kwa fundi, akaunti yake ikiwa imechukuliwa, ikirudi itagoma kwa ujumbe kwamba uaminifu kati yake na domeini umevunjika.

Seva nazo zipewe namba hivyo hivyo, na kazi yake iwe jina la pili, rekodi ya CNAME kwenye DNS: watu wafungue "mafaili", nawe ukibadilisha seva unaielekeza rekodi hiyo kwenye mpya.