Somo: Kugeuza kompyuta ya Linux kuwa daraja la mtandao

Jambo wapendwa. Kwenye sekretaria yetu hapa Kadutu, Bukavu, umeme ulirudi kwa nguvu ukaunguza swichi (kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao). Ruta iko chumba cha mbele, printa iko nyuma, katikati kuna kompyuta yenye kadi mbili za mtandao. Hiyo ndiyo tuliyoigeuza daraja.

Kwa nini tusiifanye ruta? Laptopu hutafuta printa kwa kuita mtandao mzima, na wito huo hauvuki ruta. Daraja linaupitisha, maana pande zote mbili zinabaki mtandao mmoja.

Kaa mbele ya kompyuta yenyewe. Ukiifanya kazi hii kwa SSH (kuingia kompyuta kupitia mtandao) ukiwa mbali, utajifungia nje kabla hujamaliza. Andika `ip link` ujue majina ya kadi (zangu ni enp1s0 na enp2s0). Kama NetworkManager (programu inayosimamia kadi za mtandao) ndiyo inayozishika, izime. Kisha, ukiwa root (msimamizi mkuu wa mashine):

```
ip link add br0 type bridge
ip addr flush dev enp1s0
ip link set enp1s0 master br0
ip link set enp2s0 master br0
ip link set enp1s0 up
ip link set enp2s0 up
ip link set br0 up
ip addr add 192.168.1.10/24 dev br0
ip route add default via 192.168.1.1
```

Hapo 192.168.1.10 ni anwani ya kompyuta yangu na 192.168.1.1 ni ya ruta; weka zako. Wengi hukwama kwenye mstari wa pili, unaofuta anwani ya kadi. Kadi ikishaingia darajani inakuwa mlango tu. Anwani ya IP inahamia br0. Ukiiacha kwenye kadi, taa zitawaka vizuri kabisa na ping (amri ya kujaribu kama mashine nyingine inajibu) haitajibu.

Sasa andika `bridge fdb show br br0`, halafu washa printa na uandike tena. Mstari mpya umetokea: anwani ya MAC ya printa (namba ya kadi yake ya mtandao), na pembeni `dev enp2s0`. Daraja limesoma mtumaji wa fremu (kifurushi cha data) na kukumbuka ameingilia mlango upi. Hukumbuka kwa sekunde 300. Printa ikinyamaza zaidi ya hapo, fremu inayoitafuta hutumwa milango yote.

Usiunganishe kebo zote mbili za daraja kwenye swichi ileile. Fremu za Ethernet hazina kikomo cha safari, zitazunguka mpaka mtandao ulale. Kinga yake ni STP, kanuni inayofunga mlango unaoleta mzunguko, aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985: `ip link set br0 type bridge stp_state 1`. Ukiiwasha, mlango husubiri sekunde 30 kabla ya kupitisha kitu. Usidhani kebo imekufa.

Amri hizi zote hupotea kompyuta ikizimika. Ili daraja lijirudie lenyewe umeme ukirudi, liandike kwenye faili za systemd-networkd, huduma ya Linux inayopanga mtandao kompyuta ikiwaka.

Maswali

*Kaka, nimejaribu na Wi-Fi ya laptopu, inakataa.*

Ndiyo, dada. Ruta ya Wi-Fi hupokea fremu za anwani iliyojiunga nayo tu. Za mashine zilizo nyuma yako inazitupa. Lakini laptopu yako ikiwa ndiyo inayorusha Wi-Fi kwa hostapd (programu ya kurusha Wi-Fi), weka `bridge=br0` kwenye faili yake, itakubali.

*Papa, aksanti kwa somo. Daraja langu lilikuwa zuri, nikaweka Docker, chumba cha nyuma kikakatika.*

Docker (programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya makontena) hufunga njia ya kupitisha kwenye iptables, kichujio cha mtandao cha Linux, na fremu za daraja nazo zinapimwa humo. Jaribu `sysctl net.bridge.bridge-nf-call-iptables=0`, kisha urudi utuambie.